Siku moja maishani mwangu: mhesabu wadudu wa msituni

Nikitaja kazi yangu, wapo wanaodhani napulizia dawa ya kuua wadudu, na wapo wanaonifikiria nikikimbiza vipepeo na wavu. Laiti ingekuwa hiyo ya pili. Kazi yenyewe ni kuosha tope, kuandika lebo na kuinamia hadubini mpaka shingo ikakamae. Sisi ni wasaidizi wa utafiti. Majina yetu hutokea mwisho kabisa wa ripoti, kwenye shukrani, tukibahatika. Ila ukisoma popote kwamba ukame, joto kali au vimbunga vinavuruga wadudu wa misitu ya tropiki, jua kwamba kabla ya sentensi hiyo kuna mtu alipiga magoti matopeni.

Saa 11:00 alfajiri

Mtego wa taa, yaani ndoo iliyo chini ya taa inayowavuta wadudu usiku, lazima niufikie kabla ya ndege. Wameshaujua, na wakinitangulia nitakachokuta ni mabawa ya nondo tu. Leo nimewawahi. Ndoo imejaa kumbikumbi hadi mdomoni. Kiangazi cha safari hii kilipitiliza, kisha mvua ikashuka yote kwa mkupuo, na mchwa walikuwa wanaingoja hiyohiyo ili watoke kwenda kuoana. Mbawa zao zimeganda kwenye kuta za ndoo, zinanata vidoleni, zinaingia hadi puani. Naandika lebo kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti, naitumbukiza, nafunga mfuniko.

Saa 12:30 asubuhi

Nasoma vipimajoto. Kimoja kiko chini ya majani makavu, kimoja usawa wa kifua, kimoja tumekivuta kwa kamba mpaka kwenye vilele vya miti. Wanaotembelea kituo hupenda kuuliza wastani wa joto. Mimi huangalia kwanza kiwango cha juu kabisa, kimedumu saa ngapi, na unyevu wa hewa ulishuka mpaka wapi saa hizo. Mdudu hatengenezi joto lake kama sisi. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Na kwa kuwa joto la tropiki halipandi na kushuka sana mwaka mzima, spishi nyingi za huku zimezoea upeo mwembamba, tena tayari zinaishi karibu na kikomo chao cha juu. Nyuzi 2 za ziada zinaweza hata kumfaa mdudu wa nchi za baridi. Huyu wa kwetu hana pa kuziweka. Halafu ni mdogo, na mwili mdogo hukauka upesi. Mchana mmoja wa jua kali mahali ambapo mti umeanguka na kuacha uwazi unaweza kumaliza mabuu waliokuwa wanaendelea vizuri, na wastani wa mwezi usionyeshe chochote.

Saa 2:00 asubuhi, na kuendelea, na kuendelea

Mitego ya shimo. Ni vikombe vilivyofukiwa mdomo ukiwa sawasawa na ardhi, ndani maji yenye sabuni kidogo ili mdudu azame badala ya kuelea, juu paa dogo la plastiki. Vingine tumevining'inizia mavi ndani ya kitambaa kwa ajili ya mbawakawa wanaoyafukia. Ndiyo, mavi. Ndiyo, mtu fulani huyafunga hivyo vitambaa kwa mikono yake.

Siku ya kawaida mstari mzima wa vikombe hauchukui muda. Leo mvua imevifanya ilivyotaka. Vingine vimesukumwa na maji kutoka chini vikaruka nje ya mashimo yao, vingine vimejaa udongo mpaka juu, na jongoo mmoja amejikunja ndani ya kikombe kana kwamba amelipia chumba. Mwenzangu, dada mmoja mwenye subira nisiyo nayo, anachota tope, mimi nalimwagia maji juu ya chekecheo, tunachambua kwa vibano: mguu wa panzi, ganda la mbawakawa, sisimizi aliyekatika kiuno. Kila kikombe kilichofurika tunakiandika "kimefurika". Hatuandiki idadi, kwa sababu maji yaliyotoka yaliondoka na wadudu ambao hatutawajua kamwe.

Ndipo mgeni akafika. Sitasema ametoka wapi; inatosha kwamba alikuja na viatu vyeupe. Alipita kwanza pale kambini, akafunua ndoo yangu ya alfajiri.

"Kijana, mbona naambiwa wadudu wanaisha? Nimeona ndoo nzima!"

"Shikamoo mzee. Wale ni kumbikumbi. Wametoka kwa sababu ya mvua."

"Si wadudu hao?"

"Ni wadudu, mzee. Lakini karibu wote ni wa aina moja, na wametoka usiku mmoja. Wiki ijayo ndoo hiyohiyo inaweza kuwa na kiganja kimoja tu."

Akainama kidogo, akaangalia chekecheo, akajivuta nyuma. "Haya, kwa jumla basi. Wamepungua asilimia ngapi?"

Hapo ndipo ninapochoka kuliko kuchota tope. Nikashusha chekecheo, nikaanza. Nikamwambia kuhusu El Niño ya 2015 na 2016, yaani joto la Bahari ya Pasifiki linalovuruga hali ya hewa, kwingine mvua, kwingine ukame. Katika msitu wa Sabah, Malaysia, kwenye kisiwa cha Borneo, wakati wa ukame ule mchwa waliongezeka, na kazi yao ikaongezeka. Palipokuwa na mchwa, udongo ulishika unyevu zaidi, majani yaliyoanguka yalioza haraka zaidi, na miche mingi zaidi ilinusurika kuliko pale watafiti walipowaondoa mchwa makusudi. El Niño hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, msitu wa Amazon karibu na Santarém, Brazil: ukame ukaja na moto, na mbawakawa wa mavi wakapungua kupita nusu. Hao ndio wanaofukia mavi ya wanyama pamoja na mbegu zilizomo, kwa hiyo wakiondoka hawaondoki peke yao. Sasa mzee, ukiwachanganya mchwa walioongezeka na mbawakawa waliopungua ukatoa asilimia moja, umeniambia nini kuhusu msitu?

Alinisikiliza kwa heshima, hilo nampa. Kisha akatoa simu, akaandika, na kwa kuwa alisimama karibu nikaona alichoandika: "Mchwa wameongezeka."

Dada akageuka upande akajifanya anakohoa.

Hakuondoka. Alitaka kujua kwa nini tusitumie mashine. Akataka kujua kama tunajua dawa ya mbu. Akataka picha akiwa ameshika chekecheo, kisha akataka nyingine kwa sababu ya kwanza viatu havikuonekana. Nikapiga zote. Wakati huo jua limeshapenya, tope limeanza kukauka kwenye nyavu, na tope likikauka mbawakawa mdogo hushikamana nalo usimtoe mzima. Nilikuwa namjibu mzee huku namwagia maji, namwagia maji huku nahesabu, na nikipoteza hesabu naanza upya.

Saa 7:00 na dakika zake

Tumerudi. Kula, dakika chache za kunyoosha mgongo.

Mchana

Hapa ndipo kazi ninayoipenda. Tunakusanya sisimizi hai, wengine wa chini kwenye majani makavu, wengine wa juu kwenye vilele, kila mmoja tunamweka kwenye kichupa chake tukiziba kwa pamba, kisha vichupa vyote vinaingia kwenye kifaa kinachopandisha joto taratibu, nyuzi 1 kwa dakika. Naangalia kitu kimoja tu: je, nikimgeuza chali, anajigeuza? Mwanzoni anajigeuza upesi. Baadaye anakimbia ovyo. Halafu anaanza kupepesuka, miguu ya nyuma inaburuta, anaanguka ubavu, anapiga hewa na miguu mitatu. Akishindwa kujigeuza, naandika joto. Kwake hicho ndicho kikomo.

Wa chini hulegea mapema. Wa juu, waliozoea gome linalochomwa na jua, huendelea kwa nyuzi kadhaa zaidi. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, wamepata picha hiyohiyo. Ukiliona hilo kwa macho yako unaelewa kwa nini upepo mkali unaoangusha miti si habari ya miti tu. Paa la majani likifunguka, jua linamfuata sisimizi wa kivulini mpaka chini, na yeye hakuumbwa kwa jua.

Kutoka hapo tukaenda kwenye mkuyu. Saa sikuangalia.

Tunda la mkuyu kwa ndani ni maua madogo sana yaliyofungiwa. Nyigu jike mdogo, utafikiri kijivumbi cheusi, huingia kwa tundu la nchani, mara nyingi mabawa yakikatika njiani, hutaga, huacha chavua, hufia humohumo. Kwa hiyo nikipasua tunda changa kwa wembe na kukuta mzoga wake kati ya maua, najua uchavushaji umefanyika. Nyigu hao wakishakomaa huishi siku moja au mbili tu. Mkuyu ukikosa kutoa matunda mapya wiki kadhaa kwa sababu ya ukame, watakaotoka kwenye matunda ya zamani hawana pa kuingia. Msitu wa Lambir, huko Sarawak, kisiwa kilekile cha Borneo, mwanzoni mwa 1998 ndivyo ilivyotokea: baadhi ya mikuyu iliacha kutoa, na nyigu wake wakatoweka kabisa eneo lile. Mti haukufa. Ulibaki umesimama na majani yake, bila mchavushaji.

Mkuyu wetu uliangusha matunda kiangazi. Sasa umetoa mapya, mabichi, mazuri kuyatazama. Nikapasua la kwanza: maua matupu. La pili hivyohivyo. Dada akashika wembe wake, tukaendelea mpaka sahani ikajaa nusu-nusu za matunda na vidole vikanata utomvu. Hakuna nyigu hata mmoja.

Kuchambua ndoo ya kumbikumbi kulikula jioni yote. Shingo, macho, harufu ya spiriti. Unatoa kumbikumbi, kumbikumbi, kumbikumbi, kisha chini yao nondo mmoja wa kijani ambaye ungempoteza kama ungepima ndoo kwa kilo. Ndiyo sababu sipimi kwa kilo tu, ingawa wako wanaopima hivyo na wana sababu zao. Msitu wa Luquillo, Puerto Rico, ulizua ubishi kwa njia hiyo. Mwaka 2018 watafiti wawili walilinganisha uzito wa wadudu na jamii zao wa miaka ya 1970 na ule wa miaka ya 2010, wakasema umeporomoka kwa sababu ya joto. Wengine waliokuwa wakihesabu msitu huohuo kwa miaka wakakataa: angalieni vimbunga, angalieni Hugo wa 1989, idadi hupanda na kushuka kila msitu unapobomolewa na kujijenga. Mimi siko upande wowote hapo, ila najua kilichowawezesha wa pili kubishana: walikuwa na daftari za miaka ya katikati, kabla na baada ya dhoruba.

Usiku tuliingiza takwimu, na hapo tukabishana na dada. Kwenye safu ya nyigu wa mkuyu, yeye alitaka tuache wazi mpaka turudie juma lijalo. Nilikataa. Wazi maana yake hatukutazama, kama vile vikombe vilivyofurika. Hapa tulitazama, tumepasua sahani nzima. Tumeandika 0, na pembeni idadi ya matunda tuliyopasua, ili atakayesoma ajue sufuri hii imetoka wapi. Dada alikubali, ila aliongeza kwa mwandiko wake: "rudia".

Kesho kuna kufukia vikombe upya. Halafu viwavi: majani machanga yameanza kutoka kila mahali, na kule Panama, baada ya ukame wa El Niño ya 1997 na 1998, viwavi walifumuka wakala majani ya miti ya aina nyingi kwa pamoja. Huenda kwetu wasifumuke, lakini fomu lazima ziwepo kabla yao. Printa imegoma tangu mvua ile, kwa hiyo nimechora safu kwa rula, na dada anazinakili mwenyewe kwa sababu anasema mistari yangu imepinda.