Huyo Amekuhurumia

Ni Jumamosi usiku na bado niko palepale pa Jumapili iliyopita, nimesimama ziwani maji kiunoni, na baba mdogo ananiambia, "Mama, huyo amekuhurumia."

Wiki nzima imepita juu ya maneno hayo. Kiwandani wametangaza kwamba zamu ya usiku inasimama hadi samaki wapatikane, barua ya posa ya kitinda mimba wetu imepokelewa leo Sengerema, umeme ulikatika siku mbili mfululizo, na yote hayo yamenipita kama habari za nyumba ya jirani. Nikikoroga uji nasikia "amekuhurumia". Nikivaa gambuti kuingia zamu nasikia hivyohivyo.

Mliokuwa nami tangu Machi mnaijua ile fimbo. Niliandika siku mwalimu wa hisabati wa Kijapani alipomaliza muda wake wa kujitolea na kuniachia tenkara yake, nami nikalia mbele ya wanafunzi wake. Kwa walioingia karibuni: ni fimbo ya kuvulia isiyo na gurudumu la kukunjia mshipi. Ikikunjwa inatosha kwenye mkoba wa kazini. Ukiivuta pingili baada ya pingili inafika mita 3.6, na bado ni nyepesi kuliko simu yangu. Mshipi unafungwa kwenye ncha yenyewe, una urefu kama wa fimbo, kisha kipande cha nailoni nyembamba, kisha ndoano moja iliyovishwa manyoya yanayotazama mbele, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Wenyewe wanaiita kebari. Hakuna chambo, hakuna chubwi. Waliitengeneza kwa vijito vya milimani kwao, kwa samaki kama yamame na iwana, ambao wengi wao huzidi kiganja kidogo tu.

Mwalimu alinifundisha mambo machache na kuyarudia kama fomula. Ile nailoni ya mwisho lazima iwe dhaifu kuliko fimbo, ili akija mkubwa kikatike kitu cha shilingi mia, siyo kitu cha kuagizwa Japani. Fimbo na mshipi visinyooke kamwe vikawa mstari mmoja, maana nguvu yako yote iko kwenye upinde. Ukimwelekezea samaki ncha ya fimbo, upinde umekufa na mmebaki kuvutana kamba. Ilaze kando, karibu na maji, umgeuze kichwa. Na kwa kuwa huna mshipi wa kumwongezea anapokimbia, kitu pekee unachoweza kumpa ni miguu yako: mfuate.

Mimi nilikaidi la kwanza. Nilifunga nailoni nene kuliko alizoniachia, nikasuka kebari nyeupe, kubwa, kwa manyoya ya jogoo na nywele za mbuzi, urefu wa dagaa mzima. Nilimtaka sangara. Miaka 9 nawapima sangara kwenye meza ya chuma, chini ya sentimita 50 hapokelewi, weka huku, huyu pale, na wote wananifikia wakiwa kwenye barafu, macho yameshaingia ukungu. Nilitaka mmoja aniangalie.

Baba mdogo hakupinga. Jumapili alikuja na nyavu yake yenye matundu na sindano ya kushonea, akakaa kwenye jiwe la juu kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza, mimi nikashuka kwenye la chini. Yeye ni mvuvi wa tangu ujana, Ukerewe. Aliliona ziwa likiwa bado la furu, samaki wadogo wa asili, furu wa kila rangi. Sangara aliletwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, lakini kwetu alikuja kutapakaa miaka ya 1980, na baba mdogo husimulia jinsi wazee mwaloni, pale mitumbwi inapotua, walivyomtilia shaka samaki huyu kwa wingi wa mafuta yake. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Mimi namwamkia shikamoo baba, yeye ananijibu marahaba mama. Kwa hiyo akisema neno, linanijia kutoka pande mbili, la mzee kwa mwanawe na la mwana kwa mamaye, na likichoma linachoma mara mbili.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, jioni ya kuingia giza la mwezi. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inapanga taa. Ziwa halikuwa na wimbi.

Sangara hadonoi. Anafungua mdomo, na maji yaliyo mbele yake yanaingia na kila kilichomo. Nilichoona ni ile nyeupe yangu kutoweka, kisha fimbo ikapinda hadi kwenye mpini. Akaruka mara moja. Nawajua kwa macho, ni kazi yangu: sentimita 70, kilo 4 na ushei. Kisha akaondoka, nami nikaondoka naye kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Maji yakafika vifundoni, magotini, kiunoni. (Najua habari za kichocho. Nitakwenda kupima, msiniandikie.) Nikailaza fimbo kulia, akageuka. Akarudi kushoto, nikamfuata, akageuka tena. Mikono ilikuwa inatetemeka kuanzia begani, na nilikuwa nasema naye kwa sauti, sijui nilisema nini, Kikerewe na Kiswahili vikichanganyika.

Halafu akaja. Alilala ubavu, urefu wa mkono mmoja kutoka kwangu, na jicho lake likawaka rangi ya chungwa kwenye mwanga ule wa mwisho. Aliniangalia.

Nikashika mshipi kwa mkono wa kushoto ili nimvute. Hapo ndipo nilipoharibu. Mkono haupindi kama fimbo. Akatikisa kichwa mara moja, wala hakuwa na haraka, na nailoni iliyokuwa imesagwa muda wote na mdomo wake, maana mdomo wa sangara ni msasa, ikaachia. Hakukimbia. Alikaa palepale, nadhani pumzi mbili au tatu, mapezi yakipepea, ndipo akazama.

"Mama, huyo amekuhurumia."

"Amenihurumia vipi, baba?"

"Angetaka, angekuchukua na hiyo fimbo yako."

"Ni nailoni imekatika, baba."

"Haya. Kavae kitu kikavu."

Ndiyo yote. Niliporudi mwaloni nikiwa nimejifunga kanga, alikuwa ameshaondoka. Hakuaga.

Jumatatu niliamua kwamba alinicheka. Nilikuwa napima samaki na kulipima neno, hasa lile "hiyo". Angesema "fimbo yako" ningelala. "Hiyo fimbo yako" ni kitu kinachosukumwa kando kwa mguu. Jumanne nikajiuliza kama angemwambia kaka hivyo. Kaka alipoteza nyavu nzima mwaka juzi, mpya, ya mkopo, na baba mdogo akamwambia, "Pole, ziwa lina wenyewe," akamshika bega. Kwa kaka, ziwa lina wenyewe. Kwangu mimi, samaki ana huruma. Nilichukua dakika 40 za daladala kutafuta tofauti ya maneno hayo mawili, na kila nilipoipata niliumia upya.

Jioni ile ya Jumanne nikampigia. Haipatikani. Jumatano nikapiga mara 3, asubuhi, mchana na usiku, haipatikani. Baba mdogo hazimi simu. Huilaza kifuani kwa ajili ya wanunuzi wa samaki. Nikajua ni mimi. Nikajua ameona aibu, watu wa mwaloni wamemuuliza yule mwanamke aliyekuwa majini hadi kiunoni akiongea na samaki ni nani, naye akalazimika kusema ni nani. Nikaikunja fimbo, nikaiweka juu ya kabati, nikamwambia baba watoto nitaiuza. Akasema sawa. Hata hiyo sawa yake ilinichoma.

Alhamisi mchana akapiga mama mdogo, kwa namba yake, kuulizia mambo ya posa. Tuliongea muda mrefu kuhusu nani atakaa gari la mbele. Kisha, karibu na kukata, akasema, "Na usijisumbue kumpigia baba yako, simu yake iko kwenye mchele tangu Jumapili. Aliingia nayo ziwani."

"Aliingia ziwani kufanya nini?"

"Muulize mwenyewe. Amerudi hapa suruali imelowa mpaka mapajani, ana kiatu kimoja."

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za kiwanda mpaka mapumziko yakaisha.

Siku nne nilikuwa naicheza ile sauti kichwani. Nimeipima kila silabi. Sikuwahi kujiuliza ilitokea wapi. Jiwe la juu liko mbali, na mtu akiwa kule lazima apaze sauti ili umsikie. Mara zote akitaka kuniambia kitu hupiga mluzi kwanza. Jumapili hakupiga mluzi wala hakupaza sauti. Alisema taratibu, nyuma ya bega langu. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kwenye maji.

Baba mdogo hajui kuogelea. Wengi wa rika lake hawajui, mtawashangaa, wamelala juu ya ziwa hili maisha yao yote. Kwa umri wake alishuka yale mawe, na mawe yale ya chini yana utelezi wa kijani, akaacha nyavu, akaacha kiatu, suruali hakuikunja, simu hakuikumbuka. Na mimi sikugeuka. Nilikuwa namwangalia samaki aliyekwenda zake, nikamjibu mzee kuhusu nailoni huku nimempa mgongo.

"Angetaka, angekuchukua."

Tangu Alhamisi sentensi ni ileile, haijaongezeka neno. Lakini nikiisikia sasa nasikia na pumzi yake ndani yake, jinsi alivyokuwa anahema. "Kavae kitu kikavu," na yeye amesimama amelowa.

Jana nikashusha fimbo kutoka juu ya kabati. Nimeikata ile nailoni nene yote, nimerudisha ya mwalimu. Bila shaka sangara wa sentimita 70 ataikata tena, na mapema zaidi, lakini nimeelewa kwa nini Mjapani yule alirudia jambo hilo mpaka nikachoka. Nailoni nene ndiyo iliyonivuta hadi kiunoni. Ile nyembamba ingekatika nikiwa bado juu ya jiwe. Nitawatafuta wadogo kwanza, walio chini ya 50, niwaachie wanapofika mkononi, nijifunze kumaliza bila kushika mshipi. Kurudi nyuma kwa hatua, fimbo juu, mpaka samaki aje mwenyewe kwenye wavu wa mkononi. Wavu nitamwomba baba mdogo anisukie.

Kisha nikapita sokoni nikanunua viatu vya wazi vya ngozi, namba 43, nikampa kaka apeleke leo kwenye msafara wa posa. Sikuandika kitu. Nilimwambia tu, mpe baba, mwambie vimetoka kwa mama yake.

Kaka amerudi jioni. Kusema kweli habari za posa amenisimulia kwa dakika 20 na nimezisikia nusu: walivuka daraja la Kigongo–Busisi mara moja, hakuna tena kukaa kwenye foleni ya kivuko, wamepokewa vizuri, mahari itazungumzwa mwezi ujao, mzee wa upande wa pili ni mcheshi. Nikamuuliza, na viatu?

"Amevivaa hapohapo. Vile alivyokwenda navyo amevitia kwenye mfuko."

"Akasema nini?"

"Akasema ile nyeupe uifupishe kidogo mkiani, dagaa wa msimu huu ni wadogo."

Nilimfanya airudie mara tatu. Ile yenyewe ilikwenda na sangara, ila nimesuka nyingine kama hiyo, na sasa hivi iko mbele yangu, kwenye mwanga wa taa ya mezani, na mkasi mdogo wa kucha. Nimepunguza nywele za mbuzi kwa upana wa punje ya mchele. Naona bado ni ndefu lakini naogopa kukata zaidi usiku huu. Kesho nitaipeleka kama ilivyo, aikate mwenyewe.

Jambo jingine, na hili nimeliweka mwisho kwa sababu baba watoto anasema nalikuza. Ule ufa wa ukutani, juu ya kitanda cha mdogo. Mwezi uliopita niliweka alama ya penseli pale ulipoishia. Leo wakati nambadilishia mtoto shuka nimeangalia: umeivuka alama, karibu upana wa vidole viwili, na umekata kona kuelekea dirishani. Mvua za vuli bado hazijaanza. Usiku huu nimemhamishia kitandani kwetu, na fundi wa mwanzo niliyempigia anataka hela ya kuja kuangalia tu.