Nilirudishwa kazini, lakini kama mgeni

Barua ya kunirudisha kazini ilikuwa fupi. Niliisoma nikiwa nimesimama langoni pa depo, nikafurahi hadi nilipofika kwenye tarehe ya kuajiriwa: Jumatatu ile ile niliyorudi. Nambari ya mfanyakazi nayo ilikuwa mpya. Kijana niliyemfundisha njia za Eastlands alikuwa sasa juu yangu kwenye orodha ya madereva.

Wenzangu waliniambia nimshukuru Mungu na ninyamaze. Nawaelewa. Kwenye mabasi ya Nairobi, kufutwa ni jambo la jioni moja tu: unarudisha ufunguo, kesho gari lina dere mwingine. Mimi nilifutwa hivyo hivyo, bila kuitwa kujieleza, ilhali kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka usomewe kosa lako ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama. Nilienda ofisi ya leba, kampuni ikaitwa, ikaona haina la kusema. Ikakubali kunirudisha.

Ila kifungu cha 49 kina milango miwili. Kuna kurudishwa, ambapo unahesabiwa kana kwamba hukuwahi kufutwa, na kuna kuchukuliwa upya kwa kazi inayolingana na ile ya zamani. Mbele ya afisa wa leba walikubali la kwanza. Kwenye barua wakaandika la pili.

Nani ajali tarehe? Mimi, kwa sababu depo nzima ilikuwa ikinong'ona kwamba mabasi makuukuu yatauzwa. Kampuni ikipunguza watu, kifungu cha 40 kinaitaka izingatie, pamoja na ujuzi na uaminifu, ni nani aliyetangulia kuajiriwa. Mwenye nambari mpya anajua zamu yake ya kwenda nyumbani.

Na chini ya hilo kulikuwa na deni la zamani zaidi. Miaka yote niliyoendesha kabla ya kufutwa niliitwa kibarua, nikilipwa jioni baada ya kupeleka hesabu. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, anakuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Akipita miezi miwili, anastahili haki za aliyeajiriwa tangu mwanzo. Kanuni za magari ya abiria za 2014 nazo zilidai dereva na kondakta walipwe mshahara wa kila mwezi. Nilipomtajia meneja, alicheka. "Kijana wangu, hayo ni ya makaratasi."

Basi nikatafuta makaratasi.

Kandarasi sikuwa nayo, na hilo halikunivunja moyo: kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe, na mwajiri asipoleta maandishi kortini, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Lakini sikutaka kutegemea hilo peke yake. Nilitoa taarifa ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambako michango ilianza, ikakatika, ikaanza tena. Nikaomba taarifa ya M-Pesa, maana kuna kipindi nilitumiwa malipo kutoka simu ya keshia. Nikachimba picha za ratiba ya ukutani ambazo tulikuwa tukitumiana kwenye WhatsApp kujua nani anatoka na gari gani. Kilichonifurahisha zaidi ni risiti za faini za trafiki. Ziliniuma sana nilipolipa, lakini kila moja ilikuwa na jina langu na tarehe, na karatasi ya mashtaka ilitaja nambari ya basi la kampuni. Sasa waseme sikuwa kazini siku hiyo.

Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, walinisaidia kupanga madai. Kwa kuwa mshahara wangu haufiki shilingi 80,000, kesi ilienda kwa hakimu kwenye mahakama ya Milimani badala ya jaji wa Mahakama ya Ajira. Muda wa kushtaki ni miaka 3, kwa hiyo nilikuwa bado ndani.

Mahakama iliitaja kesi mara kadhaa kwa video mtandaoni. Mara moja nilijiunga nikiwa Muthurwa, soko lenye kituo cha mabasi, nikasahauliwa kwenye foleni hadi makanga wakaanza kuita abiria, na karani akaniambia, "Bwana, zima sauti au utoke sokoni."

Kampuni ilidai nilikuwa napumzishwa siku chache kila mara, hivyo sikuwahi kufanya kazi mfululizo. Wakili wao alipoletewa ratiba na risiti zikipangwa wiki baada ya wiki, aliomba muda wa kuzungumza nje.

Tuliandikiana mapatano na hakimu akayapitisha. Nambari ya zamani ilirudi, na tarehe ya kuajiriwa ni ile ya siku ya kwanza niliyopewa basi. Nina kandarasi ya mwezi na likizo ya siku 21. Kwenye malipo ya nyuma niliachia sehemu, na sijutii, maana rufaa ingekula miaka. Michango ya NSSF iliyoruka inalipwa kwa awamu. Kila mwisho wa mwezi naingia kwenye akaunti kuangalia kama wameweka.

Meneja bado ananisalimia. Ila sasa kuna makondakta wawili wameniomba niwaonyeshe jinsi ya kutoa taarifa ya M-Pesa ya miaka iliyopita.