Nilivyoipata Nambu ndogo

Babu yangu alikuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza la King's African Rifles. Mwaka 1944 alipita Bonde la Kabaw, kule Burma, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kila aliposimulia vita alirudi kwa maofisa wa Kijapani: upanga, na bastola kiunoni. Nilipohamia Ohio, Marekani, nikakata leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale, dola 30 kwa miaka 3, nikaanza kuzitafuta bastola hizo.

Kwenye maonyesho ya kwanza mzee mmoja mwenye meza yake aliniambia nichukue inayong'aa. Nikachukua Nambu Aina ya 14, bastola ya jeshi la Kijapani, inayong'aa kama kioo, dola mia nane hivi. Usiku nikaiweka chini ya taa na lenzi. Upande wa kulia, nyuma, kuna tarehe ya Showa, yaani inayohesabu miaka ya utawala wa mfalme wa Japani: 12.3, mwaka wa 12, mwezi wa 3. Ukijumlisha 12 na 1925 unapata Machi 1937. Lakini tarakimu zilikuwa zimelika kingo, kama za sarafu iliyopita mikono mingi. Nikatazama kifyatulio. Nambu ya miaka ile kifyatulio chake huwa na rangi ya asali. Hiki kilikuwa cheusi tititi. Walikuwa wameisugua yote na kuitia rangi upya, na kwa mkusanyaji thamani iko kwenye rangi yake ya asili! Mpaka leo nikimsikia mtu akimshauri mgeni asafishe bastola ya kale hadi imeremete, damu hunichemka.

Baada ya hapo nikaikazania Nambu ndogo ya risasi za milimita 7. Ofisa wa Kijapani alijinunulia bastola kwa fedha zake, na hii ilikuwa ghali mno. Zilitengenezwa kama 6,500 tu. Nilihangaika miaka minne. Ikapatikana kwa mama mjane wa jimbo jingine, ambaye marehemu mumewe alirudi nayo kutoka Ufilipino. Watu huomba picha ya bastola nzima. Mimi nilimwomba mbili tu: namba ya kwenye mwili na namba ya kwenye magazini, kile kikasha cha risasi. Magazini ilipigwa namba ya bastola yake, na nyingi zilipoteana vitani, kwa hiyo zikifanana umepata mali. Siku ya pili picha zikaja. Nilisimama jikoni nikizisoma tarakimu kwa sauti, moja moja, mara tatu. Zilifanana zote. Dola elfu nne na ushei, na bei sikubishana naye.

Ilipofika sikuipitishia hata kitambaa. Kibonyezo chake cha usalama kiko mbele ya kitako, chini ya kifyatulio. Usipokibana kwa kidole cha kati haifyatui. Kitako chenyewe kifupi, kidole changu cha mwisho kilibaki hewani.

Nikampigia baba simu Songea.

"Ina risasi?"

"Hapana, baba, haina."

"Haya. Iweke karibu na picha ya babu yako."

Ndipo ilipo, kwenye kabati la kufuli, na picha yake iko juu.