Siku moja maishani mwangu: protini imegeuka bisi

Saa 11 na nusu alfajiri niko njiani kwenda Limuru, baridi hadi kwenye kucha. "Daktari, huyu amekohoa usiku kucha kama mzee wa kiko," ananipokea mama mwenye ng'ombe. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili tu, lakini nilishachoka kusahihisha. Ndama kanyoosha shingo, anahema mdomo wazi, pua zinatiririka ute. Nachukua damu kwenye mshipa wa shingo, naahidi kupiga simu.

Saa 3, maabara. Damu imeganda, naizungusha kwenye sentrifuji, natoa seramu, yale majimaji ya juu yenye kingamwili. Basi.

Saa 4 ndipo kazi inapoanza. Virusi vya RSV vya ng'ombe, ndugu wa vile vinavyobana vifua vya watoto wachanga, vina protini G ya kujishikiza kwenye seli na F ya kuunganisha utando wao na wa seli. F ni kama punje ya bisi: ikishapasuka, hairudi kuwa punje. Na kingamwili zenye nguvu zaidi huishika ikiwa bado punje. Mwaka 2013 watafiti Marekani walionyesha umbo hilo kwa RSV ya binadamu, kisha wakalikaza lisifyatuke. Kufikia 2017, ndama waliochanjwa kwa F ya ng'ombe iliyokazwa walikuwa wamekingwa. Umbo si mchezo: miaka ya 1960 watoto walichanjwa kwa virusi vilivyouawa kwa fomalini, na RSV ilipowapata wakaugua vibaya kuliko wasiochanjwa. Wawili walikufa.

Saa 7, chapati maharagwe, nimesimama.

Saa 9 pleti ya visima 96 iko tayari. Nimetia kingamwili inayoshika punje tu; ikishika, kisima kinakuwa buluu. Safu ya F iliyokazwa, buluu ya kupendeza. Safu ya F ya kawaida, maji matupu! Naangalia kingamwili inayoshika maumbo yote mawili: buluu kote. Kumbe protini ipo, ila imepasuka.

Profesa anachungulia. "Imekaa friji siku ngapi?"

"Sita, Prof."

Anacheka, anaondoka na chai yake. Naanza kukuza upya seli za kunitengenezea protini.

Saa 12 jioni nampigia mama. Ndama ameanza kunyonya. Namwambia banda lipitishe hewa, na baada ya wiki 3 nitarudi kuchukua damu ya pili, tuone kama kingamwili zimepanda.

"Tena? Ile ya leo umeipeleka wapi?"