Nyumba ya Kiamu ndani ya Minecraft: tulipofika na boriti, matumbawe na chokaa

Basi wadau, kuta za chini zimesimama na dari ya ndani ishafungwa, naandika saa hii kabla sijaanza ghorofa ya pili nikasahau nilichofanya. Kwa ambaye hajafuata, mradi ni nyumba moja ya mawe ya Lamu, ile ya kizamani yenye daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua), misana (kumbi ndefu) na ndani (chumba cha faragha), na naijenga kwenye Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloki, kwa mtindo wa savaivali, yani kila bloki nimeichimba, nimeichoma au nimeikrafti (kuunda kwa kuchanganya malighafi) kwa mkono. Sharti nililojiwekea ni moja tu, kila kinachoonekana kwa macho lazima kiwe na ndugu yake pwani. Kama fundi wa Amu, yani Lamu, hakuwa nacho mimi pia sikigusi. Watu wengi wakitaka nyumba nyeupe wanakimbilia Nether, ule ulimwengu wa moto wa gemu, kuchimba kwatzi, jiwe jeupe, wanajenga nyumba nzima nayo, inatoka safi, inang'aa, lakini inakuwa benki, haiwi nyumba ya Kiamu.

Nianze na boriti, ile miti ya mkoko inayobeba dari, manake ndo zilizoamua kila kitu.

Mikoko iliingia kwenye gemu na toleo la 1.19, Juni 2022. Kabla ya hapo mtu ulikuwa unajibanza na akesha au dark oak, haifanani hata kidogo. Saa hii kuna kinamasi kizima cha mikoko, mizizi imejishika juu ya tope vile vile inavyokuwa kwenye vikono vya bahari, watu wa Mojang, watengenezaji wa gemu, wako Stockholm huko lakini hapa walituweza kabisa. Gogo moja linatoa mbao 4, na ukilipitishia shoka ganda linatoka unabaki na mti mwekundu uliosafishwa.

Nilipoanza kupima vyumba nikampigia ami yangu, yeye ni fundi wa nyumba hizi, kazi ya mawe na chokaa ameikuta kwa babake. Nikamwambia, "Shikamoo ami, nataka ndani iwe na upana wa mita sita hivi ipendeze." Akaniitikia akacheka, "Marahaba mwanangu. Sasa boriti ya mita sita utaipata wapi? Chumba hupimwa na boriti, hakipimwi na wewe."

Na ndo ukweli wenyewe. Boriti ya mkoko inabeba dari ya mawe na chokaa, mzigo mzito sana, kwa hivyo huwezi kuinyoosha zaidi ya mita tatu hivi, ndo sababu vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, ukitaka nafasi unaongeza urefu au unaongeza chumba kingine nyuma yake, hupanui. Minecraft haikulazimishi, unaweza kufunga dari ya bloki 30 hewani na isianguke, lakini mimi nimeshika upana wa bloki 3 ndani, kila chumba, bila kubagua. Hapo ndo nyumba ilianza kufanana na nyumba. Kabla sijaweka hata tone la rangi, ukisimama msana wa ndani ukatazama kiwandani unaona tu hii ni Amu.

Shida ni unene. Bloki ni mita moja kila upande, hakuna boriti ya hivyo. Mafundi wenyewe wana majina kwa kila unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, sisi huku tumepewa saizi moja. Jibu nililopata ni uzio wa mkoko. Ukiupanga mstari mmoja ukutani hadi ukutani, umegusa dari, unajiunga wenyewe, na ukitazama kutoka chini unaona mti mwembamba umekatiza chumba. Uache nafasi ya bloki moja kati ya mstari na mstari, ukiikaribisha zaidi zinaungana kwa ubavu zinakuwa wavu na raha yote inaisha. Hesabu yake nayo ni tamu. Uzio unakrafti kwa mbao 4 na vijiti 2, unapata vipande 3, na vipande 3 ndo upana wa chumba, kwa hivyo boriti moja ni gogo moja na ubao mmoja wa kutolea vijiti. Chumba cha 9 kwa 3 kinachukua boriti 5, vipande 15, mbao 25 jumla. Magogo 6 na ubao mmoja, dari ya chumba kizima imeisha! Msitu haumalizwi hivyo. Na nikikata napanda, japo mkoko una mambo yake, majani yake hayadondoshi mche kama miti mingine, mche unaning'inia chini ya jani, ukiyapa majani unga wa mifupa unatoka, afu unaupanda hata chini ya maji na unaota.

Juu ya boriti kuna mawe, na hapa tunaingia baharini.

Matumbawe yako kwenye bahari za joto tu, aina tano, yamepakwa rangi kama khanga mpya. Ukiyachimba na sururu ya kawaida hupati rangi, unapata bloki lililokufa, la kijivu, na ndo nalolitaka mimi. Hata ukiyatoa mazima na Silk Touch (uchawi wa sururu wa kuchimba bloki bila kulibadili) ukayaweka nchi kavu, sekunde chache yanakufa. Wengi wanaliona bloki la kijivu ni takataka. Jamani lisogeleeni karibu! Lile la aina ya ubongo likishakufa bado lina michirizi inayozunguka zunguka, lile jingine lina vishimo vidogo vidogo, ukiyachanganya matatu hivi kwenye ukuta mmoja unapata sura ya ukuta wa zamani uliomomonyoka plasta, mawe yanachungulia. Kupumua chini ya maji natumia dawa ya samaki bunju, dakika 3, ukiongeza redistoni (unga mwekundu wa mgodini) zinakuwa 8, na samaki mwenyewe yuko huko huko kwenye bahari ya joto, kwa hivyo safari inajilipia.

Ila matumbawe siyatumii ovyo. Ukimwaga unga wa mifupa kwenye bahari ya joto vitaota vijitawi na mapepeo ya matumbawe, lakini bloki zenyewe hazioti tena, ukimaliza mwamba umemaliza. Na mafundi wa kwetu hawakujenga ukuta mzima kwa jiwe la baharini, ukuta ni mawe ya kuchimbwa nchi kavu, lile la kutoka majini, ambalo likiwa bichi ni laini linachongeka, liliwekwa kwenye kazi ya nakshi na sehemu za heshima. Kwa hivyo nimefuata hivyo hivyo. Ndani ya ukuta ni mawe ya kawaida na andesaiti, jiwe la kijivu, niliyotoa mgodini, matumbawe yako darini kati ya boriti, kwenye daka, na pale nilipoacha plasta imebanduka kwa makusudi. Halafu jiwe la matumbawe halina ngazi wala slabu (nusu bloki) kwenye gemu, kwa hivyo baraza mbili za daka ni ngazi za andesaiti. Hizo kateni kwa mashine ya kukatia mawe, msikae kwenye meza ya kukraftia, meza inakula bloki 6 inakupa ngazi 4, mashine bloki moja ngazi moja.

Sasa chokaa. Yani plasta.

Natumia zege jeupe. Mchanga 4, kokoto 4, rangi nyeupe 1, unapata unga wa zege 8. Kwa staki nzima, yani fungu la bloki 64, unahitaji mchanga 32, kokoto 32 na rangi 8, na rangi ni unga wa mifupa, mfupa mmoja unatoa unga 3, kwa hivyo mifupa 3 inatosha staki na chenji inabaki. Kokoto mjihadhari nazo, ukizichimba baadhi zinageuka jiwe la moto, kwa hivyo chukueni za ziada. Unga unaanguka kama mchanga, nausimamisha nguzo kwa nguzo mbele ya ukuta hadi juu, afu napanda namwaga ndoo moja ya maji pale kileleni, yanashuka ubavuni na nguzo yote inashika kwa mpigo. Mvua haishikishi, lazima maji yenyewe yaliguse.

Ami nilimtumia video ya hii hatua. Akaniuliza, "Yamwagwa maji na yakauka papo hapo?" Nikamwambia ndio ami. "Basi hiyo ni simenti mwanangu. Chokaa haina haraka hiyo." Na ni kweli, chokaa ya matumbawe unaichoma, unaizima kwa maji, unaipaka, afu inakazwa na hewa, pole pole. Nimekubali. Nyeupe yake lakini imekaa pale pale, na nimeipenda.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndo mahali pekee nimeruhusu kwatzi. Zege halina ngazi, na bila ngazi za kupindua huwezi kupata ule ukingo wa kidaka, kwa hivyo kwatzi 4 zinatoa bloki, bloki naliingiza tanurini linatoka laini, afu mashine. Nimejaza ukuta wote wa ndani, safu tatu, katikati nimeweka vyungu. Kuni za tanuri nishaacha, ndoo moja ya lava inachoma vitu 100.

Nje ya nyumba mdogo wangu anajenga mtaa wa udongo, tope na ngano vinakrafti tope lililokazwa, manne yake yanatoa matofali manne, na mapaa ni marobota ya nyasi kavu badala ya makuti. Kazi yake nzuri sana, nitaiandika peke yake.

Kilichobaki ni mlango, na huu unanisumbua kichwa. Mlango wa Kiamu una mbawa mbili na mfaa (mti wa kusimama) katikati, gemu ikiunganisha milango miwili inafunga ubavu kwa ubavu, mfaa haupo. Nafikiria nivunje desturi ya mlango wa gemu kabisa, nitumie trapdo (vifuniko vya sakafuni) za mbao za spruce zilizosimama, bloki 3 kwenda juu, na uzio katikati uwe mfaa, kizingiti cha juu kichongwe kwa ngazi za kupindua. Utafungua kila trapdo kivyake, sawa tu. Mwenye njia bora aniambie kabla sijakata mti.