Siku moja maishani mwangu: nyumba kwa nyumba Hai, kutafuta wagonjwa wa Parkinson

Saa 12 asubuhi, Moshi mjini. Tunaelekea wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kutafuta wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na kupunguza kasi ya mwendo. Ndani ya gari: fomu za ridhaa, orodha ya kaya, karatasi zisizo na mistari, na kiti kigumu chenye mikono ya kushikilia. Kiti hicho tusikisahau. Mgonjwa atatakiwa kuinuka akiwa amekunja mikono kifuani, na kochi la sebuleni humzamisha hata mtu mzima wa afya.

Saa 2. Tunaripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha balozi anatuongoza vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Kwa mabibi wasiozoea Kiswahili anahitajika mkalimani wa hapohapo. Kichaga cha Machame si cha Rombo.

Saa 3. Shikamoo, ridhaa, halafu umri. Mzee asiye na cheti tunamuuliza: wakati wa Uhuru, 1961, ulikuwa shuleni au umeshaoa? Kosa la miaka 10 linamhamishia rika jingine, na ugonjwa huu huongezeka sana baada ya miaka 60. Kabila nalo halikisiwi kwa jina la ukoo. Andika analosema mwenyewe, kisha la baba na la mama.

Ukiuliza “unatetemeka?” utaletewa homa na baridi. Uliza hivi: mkono unatetemeka ukiwa umetulia mapajani? Vifungo vya shati vinamchelewesha? Miguu inaganda anapotaka kuanza kutembea? Sauti imefifia?

Saa 5. Aliyejibu ndiyo hata mara moja anapimwa na daktari. Agonganishe kidole cha shahada na gumba mara 10, haraka na kwa upana. Tazama kama upana unapungua kadiri anavyoendelea. Aandike sentensi; herufi zikizidi kuwa ndogo, weka alama. Ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 huku mikono imepumzika, maana mtetemo uliojificha hujitokeza akili ikiwa na kazi. Mtetemo unaozuka anapoinua kikombe tu mara nyingi ni ugonjwa mwingine. Mwisho omba mfuko wa dawa: haloperidoli na klopromazini (dawa za magonjwa ya akili) na metoklopramidi (ya kuzuia kutapika) huweza kuleta dalili zilezile.

Saa 8. Tunarudi kwa waliokuwa shambani. Kuwaacha ni kuwapoteza wanaume, na katika utafiti uliotangulia hapa Hai, hesabu ikisawazishwa kwa umri, wanaume walikuwa 64 kwa kila 100,000, wanawake 20.

Saa 10. Hesabu. Utafiti huo ulipitia watu 161,071 ukapata wagonjwa 33, yaani 20 hivi kwa 100,000. Mtu wa haraka atasema Waafrika hawaugui. Lakini hapa vijana ni wengi. Ukifuata mgawanyo wa umri wa Uingereza, inafika 40. Na zaidi ya robo tatu ya wale 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Mafaili ya hospitali yasingewaonyesha.

Umri haumalizi yote. Matokeo ya 1988 yalilinganisha Igbo-Ora, Nigeria, na Copiah, Mississippi, kwa njia moja ya nyumba kwa nyumba. Kwa watu wa miaka 40 na kuendelea, Weusi wa Copiah walikuwa 341 kwa 100,000, Igbo-Ora 67. Asili iko karibu, tofauti ni mara tano! Mazingira yanaweza kuhusika, na kuna jambo linalosahaulika: anayekosa dawa akafa mapema hayumo kwenye hesabu ya walio hai.

Jeni zina sehemu yake. Badiliko la jeni ya LRRK2 liitwalo G2019S hupatikana sana kwa wagonjwa wa Afrika Kaskazini, nadra Asia Mashariki. Mwaka 2023 lilitangazwa badiliko la jeni nyingine, GBA1, kwa watu wa asili ya Kiafrika, hasa kupitia sampuli za Nigeria. Lakini Nigeria si Kilimanjaro. Vihambani lazima tupime wenyewe.

Saa 11 na nusu. Kila aliyepatikana anaandikiwa rufaa kabla gari halijaondoka. Familia inaelezwa kuhusu levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu: imezwe nusu saa kabla ya chakula, kwani nyama na maharage huipunguzia nguvu, na isikatishwe ghafla. Chini ya fomu linaandikwa jina la ndugu atakayemsindikiza kliniki.