Nilivyowarekodi wakulima wa mwani jua la saa tano

Mwanafunzi wa video huambiwa mapema sana kwamba mwanga mzuri ni wa alfajiri na wa jioni, jua likiwa chini. Kazi yangu ya mwisho wa muhula niliamua iwe juu ya wakulima wa mwani wa Jambiani, na mwani haufuati jua, unafuata maji. Shamba linaingilika vizuri wakati wa bamvu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na hapa Unguja maji ya bamvu hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi. Kwa hiyo kina mama wako kazini tangu saa tatu hadi karibu saa sita, jua linachoma, mchanga mweupe kila upande. Ukisubiri mwanga mtamu wa saa kumi, shamba lote limeshafunikwa na maji.

Mwalimu wetu hakunikataza. Aliniambia nifanye kwanza zoezi la kanzu na buibui, na ningependa kila anayeanza kushika kamera alifanye. Unatundika kanzu nyeupe ijae fremu nzima, unaiachia kamera iamue yenyewe mwanga, unapiga. Kisha unatundika buibui jeusi, unapiga vilevile. Ukiziweka picha hizo mbili kwenye kompyuta, kanzu imetoka kijivu, na buibui nalo limetoka kijivu. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga unaorudi kwake tu, na imeundwa ichukulie kwamba vyote vilivyo mbele yake, kwa wastani, vina kijivu cha kati. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, ikiona weusi mwingi inaongeza.

Sasa msimamishe mama wa Jambiani katikati ya mchanga ule. Kamera inaushughulikia mchanga, inabana mwanga, na uso wa mtu unazama gizani. Ndiyo maana kuna picha nyingi sana za pwani yetu ambazo bahari imetoka bluu safi, mawingu yamependeza, na mtu aliyepigwa hana macho. Jambo hili linaniuma kweli. Kwa miaka mingi Kodak walisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, maarufu kama kadi za Shirley, na ngozi ile ndiyo iliyokuwa kipimo cha kusawazishia rangi. Sisi hatukuwemo. Lakini wapigapicha wa hapa hawakukaa wakisubiri kipimo. Ingia Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, utazame picha za zamani zilizotundikwa ukutani. Mimi nilikuwa nikienda kuangalia nyuso tu: mwanga umetoka wapi, kivuli kimeangukia shavu gani.

Nilichokifanya shambani ni kuacha kuitegemea kamera ijiamulie. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kamera ikiwa inapima fremu nzima, unaiongezea mwanga kwa hatua moja au moja na nusu (kila hatua ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuupunguza nusu), kwa sababu unajua mchanga umeidanganya. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoizoea, unapima kwa nukta: unaielekeza nukta ya kipimo kwenye shavu la mtu. Hapo kamera itataka kuifanya ngozi nyeusi iwe kijivu, itoke imepauka kama imepakwa majivu, kwa hiyo unapunguza karibu hatua moja hadi ngozi irudi kwenye rangi yake. Ukishapata, unafunga vipimo vyote visiguswe. Mbingu itaungua kidogo pembeni, na iungue. Sikwenda Jambiani kurekodi mbingu.

Upande wa video kuna tatizo jingine. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, inayofanya mwendo uonekane wa kawaida ni 1/50 ya sekunde. Kwenye jua lile, hata ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa chini kabisa kwenye 100, inabidi tundu la lenzi libanwe liwe dogo sana, hadi kama f/22, na huko picha inapoteza makali. Chuo kilikuwa na kioo kimoja cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, ND8, kinachopunguza mwanga kwa hatua tatu. Kwa kioo hicho nilirudi kwenye tundu pana zaidi, f/8, wakati mwingine f/5.6, na picha ikatulia.

Mchanga wenyewe, adui wa kipimo, ndio ulionisaidia zaidi ya kifaa chochote. Jua la saa tano liko juu, linachimba vivuli kwenye macho, tena kina mama wanavaa kofia pana za ukili. Siwezi kumwambia mtu avue kofia juani kwa ajili ya video yangu. Lakini mchanga mkavu unarudisha mwanga kutoka chini na kuupeleka uvunguni mwa kofia. Niligundua kwamba mama akiwa amekaa kwenye mchanga mkavu anafunga mbegu, yaani vitawi vya mwani, kwenye kamba, nami nimepiga magoti kamera ikiwa chini ya usawa wa macho yake, uso unajaa mwanga laini kabisa. Akihamia penye majani ya bahari, mwanga ule unakufa. Basi mazungumzo yote nilirekodi penye mchanga, na kule majini nikachukua mikono, migongo, miguu na mistari ya kamba.

Kabla ya hayo yote nilipita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, na siku ya kwanza kamera ilibaki begani. Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akipanga kamba zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umekuja kutupiga picha ukaziuze?"

Ana haki ya kuuliza. Kilimo hiki kilianza hapa mwaka 1989, na tangu hoteli zijengwe ufukweni, wageni wanawapiga picha wakiwa wameinama, bila hata salamu. Nilimweleza kwamba nasoma, kwamba wataiona video kabla ya mtu mwingine, na asichokitaka kitatoka. Akanikatia kipande cha kamba, akaniambia, "Kaa hapa, funga." Nikafunga. Unashika kitawi cha mwani, unakizungushia kikamba chembamba, unabana, lakini usikaze sana maana kitakatika kikianza kunenepa. Yeye alikuwa akifunga bila kutazama huku akizungumza na mwenzake. Vidole vyake vya gumba vimepasuka kwa chumvi, na mpasuko ule ndio shoti ya kwanza kwenye video yangu.

Sauti ilinisumbua kuliko picha. Upepo wa kusi ukigonga maikrofoni ya juu ya kamera, husikii chochote isipokuwa ngurumo. Niliunganisha maiki ndogo ya kubana na simu yangu, simu nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, bibi akaiweka kiunoni. Maiki tuliipitisha chini ya kanga, tukaibandika kwa plasta ya dawa isisugue kitambaa. Kanga ikazuia upepo wote. Mwanzo wa kila mazungumzo alipiga kofi moja mbele ya lenzi, nami baadaye nikalinganisha mlio wa kofi kwenye simu na mikono inayokutana kwenye picha. Alilipenda jambo hilo. Mara nyingine alipiga kofi kabla sijamwomba.

Kuhariri nilifanya kwenye toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kwa nakala nyepesi za video, kwa kuwa kompyuta za maabara zilikuwa za polepole. Mahali kina mama walipoanza kutaniana kwa lahaja yao ya kusini, mwenzangu mmoja alinishauri nikate kwa kuwa wa mjini hawataelewa. Sikukata. Nimeweka maandishi chini, na kwangu hiyo ndiyo sehemu iliyo hai kuliko zote.

Niliwarudishia kabla ya kuiwasilisha, kama nilivyoahidi, kwenye kompyuta mpakato barazani. Waliomba kitu kimoja kitoke, jina la mtu alilolitaja bibi kwenye habari ya bei, nikakitoa palepale. Kisha mmoja akasema sijaeleza kwa nini wengi wameacha kulima kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, wakabaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani. Akanielekeza kwa kidole kule mbali kwenye maji ya kina: kotonii inakufa maji yakipata joto, na wapo wanaojaribu kuihamishia huko. Mwani uliofungwa siku zile unahitaji wiki sita hivi kabla ya kuvunwa. Nimeshaazima tena kioo cheusi na plasta ninayo. Bamvu la mavuno nitakuwa huko, na safari hii nataka twende hadi kwenye maji ya kina.